Foronya ya mto wa kushushia mapipa: inapofumuka, inapolowa, inapokauka

Pipa la oili la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 195 hivi. Bodi ya lori la Fuso iko kama sentimita 110 kutoka chini. Mahali pasipo na foklifti, na ndivyo ilivyo kwenye maduka mengi ya Tanga kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, pipa hilo hushuka kwa kuviringishwa juu ya mbao au husukumwa likaangukia kitu laini. Zamani kitu hicho kilikuwa tairi bovu. Siku hizi wengi wana mto: bonge la sponji la sentimita 90 kwa 90, unene 30, lililovikwa foronya ya turubai.

Mbao mbili nene za mita 3 na watu wawili wanaojua kazi ni bora kuliko mto wowote, na mto unafaa zaidi ukikaa mwisho wa mbao kupokea pipa linapofika chini. Lakini mwongozo huu ni wa foronya, kwa sababu ndiyo inayoharibika kwanza na ndiyo inayolaumiwa bure. Foronya nyingi tunazoletewa zimepasuka hazikushindwa na uzito wa pipa. Zimeshindwa na upepo uliokuwa ndani ya mto na haukuwa na pa kutokea.

Hesabu yake ni fupi. Ukitoa unene wa mto, pipa linaanguka sentimita 80. Likisimama ndani ya sentimita 5, kama linavyofanya kwenye tairi gumu, linapokea kishindo cha wastani mara 17 ya uzito wake, yaani zaidi ya tani 3 zinalalia bati. Likisimama ndani ya sentimita 20 ni mara 5 tu, haifiki tani moja. Hiyo ndiyo faida ya mto. Ila pipa lililolala, likizama sentimita 20, linasukuma nje hewa ya lita 60 hadi 70, na linafanya hivyo ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Shika namba hiyo, maana nusu ya matatizo yanayofuata yanatoka hapo.

Mshono unafumuka ubavuni au kwenye kona

Tazama kwanza umefumukaje. Kama uzi umekatika na turubai lenyewe ni zima, pembeni mwa mshono hakuna alama ya kukwaruzwa, na mpasuko umefunguka kwa nje kama mdomo, hiyo ni hewa. Kama turubai limechanika kwenye mstari wa matundu ya sindano, kipande kikatoka kizima kama stempu, hilo ni kosa la cherehani. Kama uzi umeoza na unakatika kwa vidole, ni uzi wa pamba na chumvi ya baharini.

Tuanze na hewa. Foronya nyingi zinashonwa na fundi wa maturubai ya malori, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuzuia maji. Anashona mto kama anavyofunika mzigo: kila upande umezibwa, halafu anaweka macho manane ya bati, yaani vitundu vyenye pete, ubavuni ili mto upumue. Jicho la milimita 12 lina uwazi wa sentimita moja ya mraba na kidogo. Macho manane ni sentimita za mraba 9. Kiganja cha mtoto ni kikubwa kuliko hapo. Lita 60 za hewa haziwezi kupita kwenye nafasi hiyo kwa muda huo, kwa hiyo zinatafuta penye udhaifu, na penye udhaifu ni mshono.

Jaribio ni hili: piga magoti yote mawili ghafla katikati ya mto. Ukisikia mluzi kwenye macho, hewa inabanwa. Ukisikia mto unashusha pumzi tu, kama mtu aliyekaa chini baada ya kazi, uko sawa. Halafu ondoka na uangalie mto unavyoinuka. Ukichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, hewa haiingii vizuri pia, na pipa la pili litaangukia mto ambao bado umelala.

Dawa yake ni madirisha ya wavu. Kata dirisha moja la sentimita 10 kwa 40 kwenye kila ubavu wa pande mbili zinazotazamana. Ukiweza pande zote nne, fanya hivyo. Wavu wa mbu wa madirishani haufai, unachanika wiki ya kwanza. Tumia wavu wa kivuli, ule wa vitalu vya miche, mikunjo miwili, na nyuma yake weka kipande cha wavu wa wavuvi wa nailoni wenye macho madogo ubebe nguvu. Kisha shona mikanda ya begi ya sentimita 5 ikisimama wima juu ya dirisha, mmoja kila sentimita 12 hivi, ili ubavu usipoteze uimara mahali ulipokatwa. Makali ya chini ya dirisha yawe sentimita 8 juu ya sakafu, yasinywe maji ya dimbwi. Juu ya dirisha ning'iniza ulimi wa turubai wa sentimita 13 ulioshonwa upande wa juu peke yake. Unakaa kama upenu wa nyumba: mvua inateleza, hewa inapotoka ulimi unainuka wenyewe.

Kosa la cherehani linatokea pale fundi anaposhona turubai zito kwa hatua fupi akidhani kushona karibu karibu ndiko kuimarisha. Kwa shati ni kweli. Kwa turubai la PVC kila tundu la sindano ni jeraha lisilopona, na matundu yakikaribiana mno unakuwa umelichora mstari wa kukatikia. Hatua iwe milimita 4 hadi 5. Mistari miwili, ikiachana milimita 8 hadi 10, juu ya pindo lililokunjwa la sentimita 3 au 4. Kwa uzi wa poliesta wa teksi 135 (teksi ni kipimo cha unene wa uzi) tumia sindano namba 22; kwa teksi 90, namba 18 hadi 20. Sindano nyembamba inachubua uzi, sindano nene kuliko inavyotakiwa inaacha tundu ambalo uzi hauwezi kulijaza, na maji yanapita hapo.

Kuhusu uzi wenyewe, nailoni inavutika vizuri inapopigwa kishindo, lakini jua linaila mapema kuliko poliesta. Mto unaokaa ndani ya stoo na kutolewa kwa kazi tu unaweza kushonwa kwa nailoni. Mto unaoachwa nje mchana kutwa ushonwe kwa poliesta. Uzi wa pamba usitumike kabisa. Katani tunaipenda, ni yetu, na ukikwama na shazia mkononi itakufikisha jioni. Lakini ikilowa na kukauka mara kwa mara inaoza, kwa hiyo fumua ushone upya uzi wa kweli ukipatikana.

Na mshono usiwekwe kwenye ukingo wa juu wa mto. Kipande cha juu kishuke ubavuni sentimita 10 ndipo kiungwe na ubavu. Ukingo wa juu ndiyo sehemu inayokunjwa na kunyooshwa kila pipa linapoanguka, na mshono ukikaa hapo unakuwa bawaba. Kona zote ziwe za mviringo, kama upana wa kikombe cha chai. Kona kali inashika kila kitu.

Juu panakatika kwa umbo la mwezi mchanga

Hii haina fumbo. Ni ukingo wa pipa, ule mdomo wa bati uliokunjwa juu na chini. Pipa likitua kwa ubavu wake mzima, uzito unatawanyika kwenye eneo la karibu sentimita 55 kwa 88. Likitua limeinama, uzito wote unaingia kwenye kipande cha bati chenye upana wa milimita chache. Hakuna turubai linalostahimili hilo.

Sababu ya kwanza ni usukumaji. Utingo akilisukuma pipa likiwa limesimama, litapinduka hewani na kutua kwa mdomo. Lilazwe kwanza ndani ya bodi, sambamba na ukingo wa bodi, vizibo vikiwa vimekazwa, kisha liviringishwe taratibu hadi lianguke kwa ubavu. Sababu ya pili ni mto kukaa mahali pasipofaa. Katikati ya mto pawe usawa wa sentimita 40 hadi 50 kutoka ukuta wa bodi. Mto ukibandikwa kabisa chini ya lori, pipa linatua ukingoni na kuangukia sakafu. Anayepokea asisimame mbele ya mto, asimame kando. Pipa likidunda linakwenda mbele.

Hata kazi ikifanywa vizuri, sehemu ya juu inahitaji ngao. Kipande cha mkanda wa konveya kilichochakaa, milimita 6 hadi 8, sentimita 70 kwa 80, ndicho kizuri kuliko vyote tulivyoona. Usipokipata, shona tyubu za tairi la lori zilizopasuliwa, tabaka mbili. Ngao ifungwe kwa kamba nne kwenye vitanzi vya kona. Usiishone juu ya foronya. Ukiishona pande zote, pale inapoishia ndipo foronya inapokunjikia kila mara, na baada ya muda utaona imekatika mstari ulionyooka kuzunguka ngao nzima. Ngao ya kufunga inacheza kidogo, na mchezo huo ndio unaookoa turubai. Tena inageuzwa: kila mwezi izungushe robo, ili isichakae upande mmoja.

Chini ya kamba hizo kata vitundu kadhaa kwenye ngao, au acha nafasi pembeni. Ngao ikilalia mto wote bila pengo, inazuia hewa ile ile tuliyohangaika kuipa njia.

Chini panalika

Mto wa saizi hii ukiwa mkavu una kilo 20 hadi 25, kutegemea sponji. Mtu mmoja anaona uvivu kuubeba, anauburuta. Sakafu ya zege mbichi au uwanja wa kokoto unafanya kazi kama msasa, na vumbi la simenti linaongeza makali. Utaona kwanza weupe kwenye kona mbili za upande unaoburutwa, kisha nyuzi za ndani ya turubai zinatokeza, kisha tundu.

Kiraka peke yake hakisaidii kama mto utaendelea kuburutwa. Angalia mishikio. Mara nyingi kuna mmoja tu, au umeshonwa juu mno, au umeng'oka. Weka minne, miwili kila upande, ya mkanda wa begi wa sentimita 5. Mkanda mmoja upite chini ya mto kutoka ubavu hadi ubavu, mikono yake itokeze pande zote mbili; hapo uzito unabebwa na mkanda, si na mshono. Mikanda miwili ya namna hiyo inatosha kwa mishikio yote minne. Mpira wa chini uwe tyubu au konveya nyembamba, na hapa unaruhusiwa kushonwa, kwa sababu chini hapakunjiki sana.

Mto unaoteleza pipa likitua una tatizo hilo hilo kwa sura nyingine: turubai la PVC juu ya sakafu yenye oili ni kama ganda la ndizi. Mpira wa chini unasaidia, lakini mwaga vumbi la mbao kwanza ufagie oili.

Mto umekuwa mzito, unanuka, na pipa linagonga kuliko zamani

Umelowa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni msimu wa malalamiko haya, na vuli inayarudisha. Mto wa vipimo tulivyotaja una ujazo wa lita 243. Sponji ikinywa hata nusu ya hapo, una kilo 120 za maji ndani ya foronya. Watu wanadhani mto uliolowa ni laini zaidi. Ni kinyume. Hewa inatoka kwenye matundu ya sponji haraka, maji hayatoki haraka hivyo. Kwa kishindo cha ghafla sponji iliyojaa maji inasimama kama gunia la mchanga.

Pima mto ukiwa mpya na mkavu, andika kilo zake kwa rangi ubavuni. Ukitilia shaka, uweke tena kwenye mizani. Ukiongezeka kilo 5, ufungue.

Maji yameingia wapi? Fuata njia tatu kwa mpangilio huu. Kwanza mshono wa juu, kama foronya ni ya mtindo wa zamani: maji yanafuata uzi kama mafuta yanavyopanda utambi. Pakaza nta au gundi ya PVC kwenye mshono kwa ndani. Pili, vidonda vidogo vya juu ambavyo havionekani. Ivue foronya, ingia ndani yake kichwa ukiitazama juani, kila tundu litakuwa nyota. Tatu, dirisha la wavu, hasa mto ukilazwa kwa ubavu wakati wa kuhifadhi. Dirisha likitazama juu linakuwa kisima. Mto ulale kwa tumbo, juu ya paleti au matofali mawili mawili, chini ya paa.

Kukausha: toa sponji yote. Isimamishe kwa ubavu kivulini penye upepo, wala si juani moja kwa moja, jua linaigeuza sponji kuwa ya njano na ya kumomonyoka. Igeuze kila baada ya saa chache. Siku za kaskazi inakauka kwa siku mbili tatu. Masika unaweza kungoja wiki nzima. Usiirudishe ikiwa bado baridi katikati. Chomeka mkono ndani, kati ya tabaka, ndipo utajua.

Ndani ya foronya ya turubai weka foronya ya pili ya kitambaa cha marekani. Wengi wanaiona anasa. Inafanya kazi tatu: inazuia vumbi la simenti lililopita kwenye wavu lisiingie kwenye sponji na kuisaga, inaruhusu sponji iteleze badala ya kung'ang'ania PVC na kuchanika, na siku ya kufungua unaitoa sponji nzima bila kuivuruga vipande.

Turubai limekuwa gumu na linapasuka kama ngozi ya mguu usiopakwa mafuta

PVC laini ni laini kwa sababu imechanganywa na vilainishi. Dizeli na oili zinavinyonya vilainishi hivyo. Foronya iliyomwagikiwa dizeli mara kwa mara inaanza kwa kuwa na madoa yanayong'aa, kisha inakakamaa, kisha inafunguka mistari midogo kila inapokunjwa. Ikishafikia mistari, hakuna dawa. Kabla ya hapo, ifute siku hiyo hiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Usifute oili kwa petroli. Hapo umeongeza mwizi juu ya mwizi.

Jua peke yake linafanya hivyo pia, ila polepole. Kama turubai ni la plastiki nyepesi ya bluu, lile linalouzwa kwa kufunikia mchanga na kuni, jua la Tanga linalimaliza ndani ya miezi, na halikufaa tangu mwanzo. Foronya inataka turubai la PVC la lori, gramu 650 kwa mita ya mraba. Kwa mto unaotumika kila siku, gramu 900. Turubai la pamba nzito linapumua vizuri na halipasuki kwa dizeli, lakini linakunywa oili na kuoza likiachwa unyevunyevu, kwa hiyo linafaa stoo kavu tu.

Simenti ina tabia yake. Vumbi lake likikaa juu ya foronya na umande ukashuka, asubuhi una ganda jembamba la jiwe. Mto ukikunjika, ganda linavunjika na kukata turubai. Kwa hiyo mto uliotumika karibu na mifuko ya simenti upigwe brashi ukiwa mkavu, kisha ufutwe kwa kitambaa. Ukianza na mpira wa maji, umejenga.

Pipa linadunda badala ya kutulia

Ama foronya imebana kupita kiasi, ama hewa haina njia, ama vyote viwili. Foronya iliyovutwa kama ngozi ya ngoma inarudisha pipa kama ngoma inavyorudisha fimbo. Urefu na upana wa foronya uzidi sponji kwa sentimita 2. Isizidi sana: foronya inayopwaya inajikunja makunjo, na kunjo likikutana na ukingo wa pipa linakatika tabaka mbili kwa mpigo mmoja.

Ukishaweka madirisha na kupanua foronya na bado pipa linadunda, shida ni sponji. Sponji ya godoro la kawaida, kilo 25 kwa mita ya ujazo, inalala kabisa chini ya pipa lililojaa. Pipa linapita hadi sakafuni na kurudi. Jaribu hivi: weka donge la udongo wa mfinyanzi lenye unene wa sentimita 4 chini ya sponji, shusha pipa, kisha litoe. Donge likiwa limebandikwa kama chapati, mto unafika mwisho. Sponji inayofaa ni ile ya vipande vilivyobanwa na kugandishwa, ya kilo 80 hadi 120 kwa mita ya ujazo. Weka sentimita 20 za hiyo chini na sentimita 10 za sponji ya godoro juu. Kila tabaka ligeuze juu chini palepale pake kila baada ya miezi mitatu. Katikati ndipo panapochoka.

Mdomo wa foronya haufungi

Zipu ya chuma inashika kutu pwani, msimu mmoja tu. Zipu ya plastiki nene ya namba 10 inadumu, mradi iwe ubavuni chini, ndani ya ulimi, mbali na kishindo. Paka nta ya mshumaa kwenye meno. Velkro ni nzuri mahali pengine, ila hapa kwetu nyuzi za mkonge zimo hewani kwenye kila stoo iliyowahi kuhifadhi marobota, na velkro inazikusanya hadi inakuwa kama ndevu, haishiki tena. Kilicho rahisi na kinachotengenezeka ni macho ya shaba na kamba ya milimita 6 iliyopitishwa kama kamba ya kiatu, ikifungwa fundo la kuvuta. Macho yawe ya shaba kweli: sumaku ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi, na kutu yake itakula turubai lililo pembeni.

Kiraka kinabanduka

Solusheni ya tyubu haishiki PVC. Itakaa siku tatu, kisha vilainishi vya turubai vinaiyeyusha na kiraka kinateleza. Tumia gundi ya PVC yenyewe. Kata kiraka kipite tundu kwa sentimita 5 kila upande, kona za mviringo. Safisha kwa spiriti, si petroli. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa hadi mng'ao utoke. Paka gundi pande zote, ngoja hadi kidole kisishike, bandika ukianzia katikati, kandamiza kwa kuviringisha chupa. Weka mzigo juu, usitumie kwa saa 24. Kama tundu limepita urefu wa kiganja, shona kwanza kwa shazia, hatua za milimita 6 au 7, kisha kiraka juu. Usiyeyushe turubai kwa kisu cha moto au jiko: moshi wa PVC inayoungua ni mkali kwa mapafu, na kiungo chake hakina nguvu.

Mto ule ule kwa mitungi

Mto hautumiki kudondoshea mitungi ya gesi. Mtungi unashushwa kwa mikono au kwa mbao, na mto ni wa kuupokea chini tu usijigonge. Mtungi wa oksijeni usilazwe kabisa juu ya mto ambao umewahi kupokea mapipa ya oili. Oili au grisi ikikutana na oksijeni yenye mgandamizo kwenye koki inaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Stoo inayouza vyote viwili iwe na mito miwili, foronya za rangi tofauti, na ule wa mitungi uhifadhiwe mbali na wa mapipa. Ukichanganyikiwa upi ni upi, nusa. Ukinukia oili hata kidogo, ni wa mapipa, na utabaki huko hata ukiufua.